Acheni kuwaambia watu "tumia ssh -X tu" halafu mnanyamaza

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Juzi usiku nilikuwa kwenye seva ya mbali, nimefungua programu ya grafu, nimekaa saa nne nasafisha data kwa mkono, nukta moja baada ya nyingine. Niliingia kwa ssh -X, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuleta madirisha yake kwenye skrini yako, kama ninavyoshauriwa kila nikiuliza. Ruta yangu ikajizima na kuwaka, ikarudi na anwani nyingine ya IP. Madirisha yakaganda, kisha yakafutika yote. Nikaingia upya haraka, nikapiga ps, amri ya kuorodhesha programu zilizo hai: programu ipo! Iko hai, kazi yangu yote imo kwenye memori yake, na hakuna njia yoyote ya kulirudisha lile dirisha kwenye skrini. Nikawa napiga ps kila baada ya dakika, mpaka seva ilipogundua muunganisho umekatika, nayo ikatoweka kwenye orodha.

Hiyo si bahati mbaya, ndivyo X, mfumo wa madirisha wa Linux na Unix, ilivyo. Imeanzia MIT mwaka 1984, toleo lake la X11 likatoka 1987, na kwenye mpangilio wake seva ya X ni ile yenye skrini, yaani kompyuta iliyo mbele yako. Programu ya kule mbali ndiyo mteja. Mteja akipoteza muunganisho na seva, kawaida Xlib, maktaba ambayo programu huitumia kuongea na X, huizima programu papo hapo, haiulizi kama umehifadhi kazi. Mnaotoa ushauri mnalijua hili. Kwa nini hamlisemi?

Halafu mtu akilalamika uzito anaambiwa anunue intaneti yenye kasi zaidi. Kasi gani? Programu inauliza swali, inasubiri jibu, inauliza lingine. Kama kwenda na kurudi ni milisekunde 200, maswali 50 ya kupokezana ni sekunde 10 nzima kabla menyu haijafunguka. Hata uongeze upana wa njia mara kumi, umbali uko palepale.

Linaloniudhi kuliko yote ni xhost +. Mgeni akileta kosa la "Can't open display", yaani skrini haifunguki, jibu la kwanza ni hilo. Jamani! Amri hiyo inaondoa ulinzi wa skrini yako, na yeyote anayeweza kuifikia anaweza kusoma kila unachoandika, nywila zikiwemo. Mara nyingi tatizo ni dogo tu: xauth, programu ya kutunza vibali vya X, haijawekwa kule kwenye seva ya mbali, au kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya ssh la seva hiyo, pameandikwa X11Forwarding no. Mwambieni aangalie hapo kwanza.

Na dirisha jipya likikataa kufunguka baada ya dakika 20, si mzimu. OpenSSH, programu yenyewe ya ssh, ina mpangilio wa ForwardX11Timeout, na muda wake wa kawaida ndio huo kwa -X isiyoaminiwa, yaani ile inayowekewa mipaka ya usalama.

Dawa ipo siku zote. Xpra inaiacha programu yako ikiendelea kulekule kwenye seva ya mbali, mtandao ukikatika unaunganisha tena na dirisha unalikuta ulipoliacha. VNC nayo inafanya hivyo kwa desktopu nzima. Wa Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, msije na majigambo, yenyewe haipitishi madirisha kwenye mtandao, mnahitaji waypipe, programu ya kuyapitisha.

Kwa hiyo ukimjibu mtu hapa "ssh -X", andika na sentensi ya pili: mtandao ukikatika, kazi yako imekwenda. Ningeisoma hiyo mapema, leo nisingekuwa narudia nukta zangu kuanzia ya kwanza.