Kilo 30 za juu

Hili ni gumzo la kikundi cha familia yetu. Naliweka hapa kwa ruhusa ya shangazi, kwa sharti kwamba nisifute alichosema yeye. Majina ni kama nilivyoyahifadhi kwenye simu yangu. Familia yetu ni watu wa Njombe, waliobaki na waliotoka.

*ALHAMISI*

*05:48 Shangazi Mbagala:* Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la asubuhi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA; Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mithali 11:1. Mkashinde salama 🙏🙏

*05:55 Mama Mkubwa:* Amina wifi

*06:02 Babu Mwalimu:* Amina.

*06:03 Mimi:* Amina. Shikamoo babu, shikamooni wote

*06:09 Babu Mwalimu:* Marahaba mjukuu. Mitihani lini?

*06:10 Mimi:* Bado babu 😅

*06:31 Baba Mkubwa Viazi:* [picha] Amina. Kamwene wote, nawasalimu kutoka shambani. Mzigo ndio huo, gunia 40. Vijana wanamalizia kushona, kesho usiku uko Dar Mungu akipenda.

*06:34 Mama Mkubwa:* Viazi vinang'aa jamani

*06:36 Shangazi Mbagala:* Haleluya! Laki tano yangu niliyotia kwenye mzigo naiona hapo kwa macho. Kaka, zangu gunia tatu uniwekee pembeni za kuuzia gengeni kama siku zote

*06:41 Mimi:* Baba mkubwa, hilo gunia la mbele limevaa kilemba?

*06:44 Baba Mkubwa Viazi:* Ndiyo lumbesa hiyo, gunia linalojazwa mpaka kupita mdomo. Umekulia wapi wewe?

*06:45 Mimi:* Naijua. Nauliza tu kwa sababu neno la asubuhi bado liko juu hapo, halijapata hata saa moja

*06:45 Dada Tanga:* 😂😂😂 we mtoto

*06:52 Shangazi Mbagala:* Neno ni la kututia nguvu jamani, tusianze kulitafutia watu

*07:20 Babu Mwalimu:* Gunia moja lina kilo ngapi?

*07:31 Baba Mkubwa Viazi:* Baba, kwa makadirio 130. Sheria naijua, inasema lisizidi 100, na watu wa Wakala wa Vipimo tunawaona njiani. Lakini sikuianzisha mimi. Lori linatoza kwa gunia. Kuli anabeba kwa gunia. Ushuru ni kwa gunia. Dalali wa Dar ukimpelekea gunia lililonyooka anakwambia limekonda. Nikishona kilo 100 nalipia kila kitu mara mbili.

*07:33 Baba Mkubwa Viazi:* Isitoshe nanunua lumbesa, nauza lumbesa. Aliyenunua kwangu anapata kilo zilezile nilizozipata mimi. Hadaa iko wapi hapo?

(Hapo nikakaa kimya. Hoja ilikuwa na miguu.)

*07:58 Babu Mwalimu:* Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Wafanyabiashara wa zamani walitembea na mawe yao kwenye mfuko. Yamechimbuliwa mengi huko Yuda, mengine yana alama zake, shekeli moja inakuja gramu 11 na kidogo. Mwenye hila alikuwa na kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Mwanangu anasema yeye jiwe lake ni moja. Haya, tumsikilize.

*08:04 Baba Mkubwa Viazi:* Asante baba

*08:05 Babu Mwalimu:* Sijamaliza. Mkulima aliyekuuzia umemlipa kilo ngapi?

*08:40 Mama Mdogo Njombe:* [sauti, dakika 2 sekunde 11]

*08:47 Dada Tanga:* Mama mdogo niko kazini siwezi kusikiliza, kuna mtu aandike

*08:55 Mimi:* Naandika. Anasema: "Kamwene. Mimi siandikagi, lakini leo gunia nane kati ya hizo 40 ni zangu. Bei tulipatana gunia, elfu sitini. Vijana wakajaza mpaka mdomoni, nikajua limejaa. Wakasuka kamba, wakaendelea kumwaga juu, debe moja, la pili. Nikamuuliza shemeji, na haya ya juu? Akasema ndiyo gunia hilo, dada. Sijakasirika. Mwaka jana aliyekuja alisuka juu zaidi. Ila shemeji, asubuhi uliposimama kwenye banda ukaniambia viazi vyangu ni vidogo vina makovu, ukazunguka nyuma ukapiga simu Dar. Ukuta wa banda ni mabanzi. Nilisikia ukisema, mzigo wa safari hii ni moto."

*08:56 Dada Tanga:* Uwiii

*08:57 Shemeji Tanga:* 🙈

*09:10 Babu Mwalimu:* Hiyo nayo imo. Mithali 20, mstari wa 14. Mnunuzi anaponda mali, akishaondoka anajisifu. Suleimani alikuwa amesimama nyuma ya banda hilohilo.

*09:12 Mama Mkubwa:* Baba jamani 😂

*09:30 Baba Mkubwa Viazi:* Kuponda mali ni kupatana bei. Kila mtu anafanya.

*09:41 Shemeji Tanga:* Wazee samahani naingilia, mimi ni mkwe tu. Kwetu iko Sura ya 83, imeitwa kabisa kwa jina la wanaopunja. Inawasema wale ambao wakipimiwa wao wanataka kipimo kijae, wakiwapimia wenzao wanapunguza. Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa anatusomea akiwatazama wenye maduka wa mstari wa mbele.

*09:44 Babu Mwalimu:* Karibu sana mkwe, hapa hakuna kuingilia.

*10:15 Mimi:* Nimepiga hesabu darasani badala ya kusikiliza. Baba mkubwa nisahihishe.
Lumbesa: unanunua 60,000, lori 9,000, unauza 85,000. Inabaki 16,000. Mara 40 = 640,000, kabla ya kuli na ushuru.
Kilo 30 za juu mara 40 ni kilo 1,200. Ni gunia 12 za bure. Gunia 12 kwa 60,000 ni 720,000.
Yaani faida yetu yote ni ya kile kilemba, na haikifikii.

*10:16 Dada Tanga:* Hebu rudia

*10:17 Mimi:* Tukilipia za juu, hakuna faida. Ni hasara ya 80,000.

*10:21 Shangazi Mbagala:* Sasa mnataka mtu afanye biashara ya kupata dhambi au ya kupata hasara?

*10:22 Shangazi Mbagala:* Kaka kashona, mzigo uondoke. Tutajirekebisha msimu ujao. Mungu anajua mioyo

*10:40 Mimi:* Shangazi naomba niulize kitu kwa heshima zote. Gunia zako tatu ukizifikisha gengeni unapima kwa nini?

*10:41 Shangazi Mbagala:* Kwa sado kama kila mtu

*10:42 Mimi:* Ile sado nyeupe?

(Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilipokuwa darasa la sita nilikwenda kwake likizo. Sado yake ilikuwa ndoo ndogo nyeupe ya rangi, ndiyo aliyopimia viazi. Jioni moja alichemsha maji, akaimwagia kitako, akanipa niishike mdomo huku yeye anakisukuma ndani kwa chini ya chupa ya soda. Plastiki ilinyonyea ikapanda kama kilima kidogo. Akaimwagia maji baridi ikakaa. Nilidhani anaitengeneza.)

*10:50 Mimi:* Babu alisema mawe mawili, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Nadhani yote mawili tunayo. Kubwa liko Njombe kwa baba mkubwa, dogo liko Mbagala. Mfuko ni huu wa kwetu sote, hata ada yangu imo.

*10:50 Dada Tanga:* 😳

*10:51 Ujumbe huu umefutwa*

*10:53 Mama Mkubwa:* Mwanangu, na huyo ni shangazi yako

*10:54 Mimi:* Najua mama mkubwa. Nisamehe shangazi kama nimevuka

Kikundi kikanyamaza. Tiki zote za bluu. Saa sita mtu mmoja akatuma kwa makosa picha ya risiti ya luku, akaifuta. Saa saba mama mdogo akatuma kidole gumba, sijui kwa ujumbe upi.

*14:26 Shangazi Mbagala:* Nimesoma yote. Nilitaka kutoka kwenye kikundi, nikakumbuka michango ya harusi ni mimi naishika 😏
Sikilizeni. Wateja wangu hawanunui bila nyongeza. Nikishapima lazima niongeze viazi viwili vitatu juu, la sivyo anakwenda kwa jirani. Jirani naye sado yake ina kilima, kikubwa kuliko changu. Kwa hiyo napunguza chini ili niwe na cha kuongeza juu. Mteja anaondoka anacheka, ananiombea baraka. Miaka kumi na moja ninafanya hivyo na kila Jumapili niko kwaya. Sikuwahi kuona kama ni kitu kimoja na ile Mithali. Hilo ndilo ninalosema, na mtoto asilifute.

*14:31 Dada Tanga:* Shangazi ❤️

*14:35 Babu Mwalimu:* Umesema vizuri. Nami niseme langu. Nilipokuwa mwalimu mkuu tulikuwa tunapokea mahindi ya chakula cha wanafunzi. Debe la kupokelea na debe la kumpimia mpishi hayakuwa sawa, na tofauti ilikwenda nyumba za walimu. Yangu ikiwamo. Mmekula ugali huo ninyi.

*14:36 Baba Mkubwa Viazi:* Baba!

*14:36 Babu Mwalimu:* Ndiyo hivyo.

*15:02 Baba Mkubwa Viazi:* Haya. Vijana nimewasimamisha toka saa nne, wananidai posho ya kukaa. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa jamaa wa chama cha ushirika, ina mhuri. Tumeitundika kwenye mti wa mparachichi. Gunia la kwanza tulilofumua limetoka 134, la pili 127.

*15:05 Baba Mkubwa Viazi:* Nimekaa na wakulima. Tumepatana 52,000 kwa kilo 100 kamili. Pesa ileile inatoa gunia 46.

*15:09 Mimi:* Kabla walikuwa wanapata kama 461 kwa kilo. Sasa 520.

*15:10 Mama Mkubwa:* Na Dar?

*15:14 Baba Mkubwa Viazi:* Dalali amecheka. Anasema gunia la kunyooka 65,000 na nishukuru. Lori nalo kwa gunia, 9,000. Inabaki 4,000 kwa gunia. Dogo piga.

*15:15 Mimi:* 184,000. Kutoka 640,000.

*15:16 Shangazi Mbagala:* Yesu wangu

*15:17 Shemeji Tanga:* Muulize mwenye lori mzigo wake una uzito gani sasa. Zamani alikuwa anabeba kilo 5,200, leo 4,600. Kwenye mizani ya barabarani pale Makambako hiyo ni tofauti, mimi nimeendesha.

*15:48 Baba Mkubwa Viazi:* Mkwe, Mungu akubariki. Dereva amekubali 7,000. Kasema mwenyewe, magari yanapimwa kila mahali, gunia ndiyo hayapimwi, na faini anailipa yeye.

*15:50 Mimi:* 276,000 basi

*15:52 Mama Mkubwa:* Ada ya Neema ni zaidi ya hiyo.

*15:52 Mama Mkubwa:* Sisemi turudi nyuma. Nasema ijulikane.

(Neema ni mimi.)

*16:03 Babu Mwalimu:* Ijulikane. Kiinua mgongo changu kilichobaki kitachangia ada ya Neema muhula huu.

*16:30 Mama Mdogo Njombe:* [sauti, sekunde 19]

*16:33 Mimi:* Anasema majirani watatu wamekuja kusimama chini ya mparachichi kuangalia mizani, wanauliza kama kesho itakuwepo.

*16:40 Baba Mkubwa Viazi:* Waambie ni ya kuazima

*IJUMAA*

*05:50 Babu Mwalimu:* Leo sijaona neno la asubuhi. Basi nitoe mimi kichekesho kidogo cha Biblia yetu ya Kiswahili. Ufunuo 6:6, yule mpanda farasi mwenye mizani, kibaba cha ngano kinauzwa "nusu rupia." Rupia ni pesa ya wakati wa Wajerumani, mimi sikuikuta, baba yangu aliitumia. Na kibaba ni robo ya pishi, mnaosema haba na haba hujaza kibaba mkijue. Wafasiri walitafuta kipimo na pesa ambavyo msomaji wa sokoni hatavikosea.

*05:58 Dada Tanga:* Babu leo umeamka na somo

*06:01 Mama Mkubwa:* Gari limepita Mikumi saa kumi usiku, gunia zote 46 ziko salama

*06:15 Mimi:* Shikamoo shangazi, uko salama?

*06:44 Shangazi Mbagala:* Marahaba. Neno litachelewa leo. Niko sokoni toka saa kumi na mbili natafuta sado mpya, na kila ninayoishika naigeuza kwanza kitako. Muuzaji ananitazama kama mwizi

*06:46 Shangazi Mbagala:* [picha]

*06:47 Mimi:* Hiyo ya bluu inaonekana iko sawa

*06:48 Shangazi Mbagala:* Ya bluu imekatwa mdomo. Angalia vizuri