Napiga kantri baa za Dodoma, nimepata wa kunirekodi bure ila mkataba unanitia wasiwasi. Naombeni ushauri

Gitaa la Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni kijana wa hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Napiga gitaa kavu na kuimba kantri kwenye mabaa, hasa Ijumaa na Jumamosi. Nilianza na kopi: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton, wale ambao wazazi wetu walikua nao redioni. Watu wazima wanazipenda mno. Bunge likikaa, wageni wanajaa na tunza inaonekana. Bunge likiahirishwa, naanza kuzungushwa malipo, kuna siku naondoka na sahani ya chakula na hela ya bodaboda tu.

Taratibu nimeanza kuchomeka nyimbo zangu za Kiswahili, nyingine zina Kigogo ndani yake. Upo mmoja unamhusu mama aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho mwanawe asome, mtoto akapata kazi mjini akawa hapokei simu. Juzi nimeuimba, jamaa wa meza ya pembeni akasubiri nimalize, akauliza, "Huu wa nani?" Nikamwambia wangu. Akasema rudia. Niliporudia, hata waliokuwa wanacheza pool waliweka fimbo chini.

Kumbe jamaa ana studio Dar. Anataka nishuke na treni ya SGR, anirekodi nyimbo nane bila kulipa hata shilingi, na pa kulala juu yake. Amenitumia mkataba kwa WhatsApp. Kuna kipengele kinasema: "Msanii anahamisha kwa Mtayarishaji haki zote za nyimbo na rekodi, kwa muda wote wa haki hizo." Mimi nitapata asilimia 20 "baada ya gharama kurudi".

Studio nilizoulizia hapa wamezoea kukutengenezea biti kwenye kompyuta, mimi nataka gitaa lisikike lilivyo. Mama anasema nisaini, nafasi hairudi. Nisaini?

Kijana wa Kizota:
Saini mkuu. Nyimbo utatunga nyingine, bado kijana. Wimbo uliolala kwenye daftari haukulipii kodi ya chumba. Ukishajulikana, mkataba wa pili utaupanga wewe.

Wakili Area C:
Mdogo wangu, usisaini hiyo karatasi ilivyo.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi ulivyovipanga wewe. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, watu wanaiita masta. Utunzi ni mzabibu, rekodi ni mavuno ya msimu mmoja. Huyo ndugu anataka vyote viwili. Na "muda wote wa haki" kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ni maisha yako yote, kisha miaka 50 baada ya wewe kufariki. Wajukuu zako wataomba ruhusa kwa watu wengine kuimba wimbo wa babu yao.

Na hayo maneno "baada ya gharama kurudi", gharama zipi? Nani anazihesabu? Kama hakuna kiwango kilichoandikwa na haki ya wewe kuona risiti, hiyo asilimia 20 inaweza isifike kamwe.

Haki ni yako tangu ulipoutunga, hata bila kusajili. Ila kausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siku ya ubishi utakuwa na ushahidi mkononi. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nako ujisajili kama msanii. Na hizo kopi za akina Kenny usizirekodi na kuzitoa bila ruhusa ya wenye nazo.

Mzee wa Makole:
Mwanangu, nimesikiliza kantri tangu ujana wangu, na nakuombea kheri kwa moyo wote.

Muulize Kijana wa Kizota kama anamjua Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kabla ya jina lake kuwa kubwa alikuwa anapiga kwenye vilabu vya usiku huko Houston, Texas, hana hela. Wimbo wake mmoja aliuuza dola 50, mwingine dola 150. Ule wa dola 50 ukaja kuvuma mwaka 1960 kwa sauti ya Claude Gray, na kwenye utunzi jina la Nelson halimo. Ni kweli alitunga nyingine zikamtoa. Lakini ni wangapi walikuwa na wimbo mmoja tu wa maana, wakauuza, tusiwasikie tena? Huo wa mama na ng'ombe unaweza kuwa ndio wako.

Halafu hicho Kigogo usikiogope. Hukwe Zawose alizaliwa Doya, mkoa huu huu wetu, akaimba na zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa namna yetu mpaka akarekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Hata banjo ya kantri chimbuko lake ni Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani. Zeze likikaa pembeni ya gitaa lako litakuwa limekaa kwa ndugu yake. Pale Chamwino wapigaji hawakosekani, nenda kawaone.

Fundi Sauti:
Kurekodi gitaa kavu na sauti si lazima ushuke Dar. Unahitaji maiki mbili nzuri, kompyuta, na chumba kilichotulia. Shida ya Dodoma ni upepo, mabati yakianza kugonga kazi imeharibika. Rekodi usiku upepo ukitulia, simamisha magodoro ukutani, funga nyuzi mpya siku moja kabla zipate kutulia. Imba na kupiga kwa pamoja, kama unavyofanya baa, usitenganishe. Mguso wako upo hapo.

Anza na nyimbo tatu, siyo nane. Weka YouTube na Boomplay kwa jina lako. Hata ukirudi kwa huyo wa Dar, utakuwa na kitu mkononi.

Gitaa la Nkuhungu:
Asanteni sana wakuu. Nimempigia. Kwanza alisema wasanii wote wanasaini hivyo. Nikamwambia utunzi siuachi, akanyamaza, akasema atafikiria. Asubuhi kanipigia: utunzi nibaki nao, rekodi tugawane nusu kwa nusu, nyimbo ziwe nne. Mzee wa Makole, shikamoo, Jumapili naenda Chamwino.

Wakili Area C:
Nusu ya rekodi kwa mtu anayelipia studio na malazi siyo mbaya. Dai iandikwe muda, mfano miaka mitano, kisha rekodi irudi kwako. Gharama ziwe na kiwango cha mwisho. Maneno ya simu hayatoshi, akutumie rasimu mpya yenye haya yote, unirushie PM niisome bure. Tiketi ya treni ukate baada ya hapo.