Sabuni ya kuua bakteria inashinda ya kawaida?

MamaPacha: Jamani, habari zenu. Wanangu wanapokezana mafua na kuharisha; huyu akipona, yule anaanza. Wifi yangu kashikilia kwamba niachane na sabuni ya kawaida, ninunue ile iliyoandikwa "huua 99.9% ya bakteria". Nimeijaribu, mikono imekauka mpaka ngozi inapasuka kwenye viungo vya vidole. Kweli inafanya kazi zaidi, au nalipia maandishi?

NesiWaZamu: Unalipia maandishi, dada. Mafua huletwa na virusi, na kuharisha kwa watoto mara nyingi ni virusi pia, rota au noro. Hiyo dawa iliyotiwa kwenye sabuni imelenga bakteria.

Halafu sabuni yenyewe kazi yake kubwa ni kung'oa. Molekuli yake upande mmoja hupenda maji, upande wa pili hushika mafuta. Vijidudu vimejibanza kwenye mafuta na uchafu wa ngozi. Ukisugua vinaachia, povu linavizingira, maji yanavipeleka. Kimeshaingia shimoni, ukiue cha nini? Virusi vya homa ya mafua na korona vina utando wa mafuta, na sabuni yoyote inauchana.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2016 ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni hizi za nyumbani, triklosani ikiwemo. Watengenezaji walitakiwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na zinashinda sabuni na maji. Hawakuonyesha.

Mbishi_Halali: Sasa nesi, mbona nyie hospitalini mnatumia za dawa? Au sisi ndio tusizitumie?

NesiWaZamu: @Mbishi_Halali swali zuri, ingawa umeuliza kwa shari 😀 Kabla ya upasuaji tunatumia klorheksidini au iodini, tunasugua kwa dakika kadhaa mpaka kwenye viwiko, kwa sababu mkono unakwenda ndani ya mwili wa mtu. Marufuku ile haikugusa dawa za hospitali. Wewe unatoka chooni unakwenda kula, hauendi kumpasua mtu.

Kemia_Kidogo: Naongezea kwa nesi. Watafiti wa Korea Kusini mwaka 2015 walichukua aina 20 za bakteria, wakaziweka sekunde 20 kwenye sabuni ya kawaida na kwenye yenye triklosani 0.3%. Hakukuwa na tofauti ya maana. Tofauti ilijitokeza baada ya bakteria kukaa kwenye sabuni kwa muda wa saa 9. Nani ananawa kwa saa tisa nzima?

Na kule Karachi, utafiti uliochapishwa 2005 uligawa sabuni kwa familia, wengine ya kawaida, wengine yenye triklokabani (dawa nyingine ya kuua bakteria), na kuwahimiza kunawa. Kuharisha na nimonia kwa watoto vilipungua kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiopewa. Kati ya sabuni mbili? Ngoma droo.

MamaPacha: Asanteni. Basi mbona nanawa na bado wanaugua? Nitumie maji ya moto?

NesiWaZamu: Moto hauongezi kitu, utazidi kukauka tu. Angalia wanavyonawa. Chuoni tulipakwa losheni inayong'aa chini ya taa maalumu, tukaambiwa tunawe kama kawaida. Taa ilipowashwa, viganja safi kabisa, lakini ncha za vidole, kidole gumba na chini ya pete vinawaka! Na ncha za vidole ndizo mtoto anazoingiza mdomoni na puani. Wasugue ncha kwenye kiganja, gumba walizungushe ndani ya ngumi, sekunde 20, kisha wasuuze na kukausha vizuri, kila mtu na taulo yake.

Wewe vua pete, rudi kwenye sabuni yako ya zamani na upake mafuta kila ukishakausha mikono. Mipasuko hiyo nayo ni maficho ya vijidudu, na ngozi ikiuma utaanza kukwepa kunawa.

Mbishi_Halali: Nimekubali. Wifi utamwambia wewe lakini.