Joto la msikitini wakati wa swala ya Ijumaa: tuanzie wapi kabla ya kununua viyoyozi?

Mjumbe wa Kamati, Lindi
Assalaam aleikum. Msikiti wetu umeezekwa bati tupu lisilo na dari, na kuanzia Novemba mpaka Machi joto la adhuhuri halivumiliki. Ijumaa iliyopita mzee mmoja wa safu ya pili alishikwa na kizunguzungu kabla hotuba haijaisha. Feni nne tulizo nazo zinazungusha hewa ile ile ya moto, na umeme ukikatika hata hizo hatuna. Vijana wanataka tuchangishane tununue viyoyozi viwili, nami naiogopa bili ya kila mwezi. Mnatushauri nini?

Fundi, Mikindani
Waaleikum salaam. Kiyoyozi chini ya bati tupu ni kuchota maji kwa pakacha. Huku kwetu, takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari, kwa hiyo saa ya Ijumaa kinachochomwa zaidi ni paa kuliko kuta. Wekeni dari, lakini acheni matundu upenuni na mengine juu kabisa karibu na kilele cha paa, yote yawe na wavu wa kuzuia popo, ili joto lililonaswa kati ya bati na dari lipate pa kutokea. Bati lipakwe rangi nyeupe ya mabati. Chokaa ni rahisi, ila mvua za masika zitaiosha, na kama mnakinga maji itaishia tangini.

Mama wa safu ya nyuma, Lindi
Naomba niongeze jambo ambalo akina baba hawalioni kwa kuwa hawaketi huku. Kutoka Lindi kibla iko kaskazini karibu moja kwa moja, na upepo wa miezi ya joto, yaani kaskazi, hutokea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo madirisha ya pande mbili za mihrabu ndiyo njia yake ya kuingilia. Kwetu moja lilikuwa limezibwa na kabati la misahafu, na upepo mdogo uliopenya ulikomea kwenye pazia zito linalotutenga. Tulihamisha kabati, na badala ya pazia seremala akatuwekea kiambaza cha mbao chenye matundu. Ijumaa iliyofuata niliona ncha ya mtandio wa jirani yangu ikipepea.

Mzee wa Kanisa, Mtwara
Kwetu tulipanda miarobaini upande wa magharibi, ingawa kivuli chake kilitaka subira ya miaka, na ibada tukaisogeza iwe mapema asubuhi, jambo ambalo ninyi kwa Ijumaa hamwezi. Feni msizidharau: hazipoozi hewa, lakini hukausha jasho.

Mjumbe wa Kamati, Lindi
Ahsanteni sana. Nimetoka msikitini sasa hivi: dirisha la kulia mwa mihrabu limezibwa na kabati, la kushoto limepigiliwa misumari, na hakuna anayekumbuka sababu. Kesho baada ya alfajiri tutayafungua yote mawili. Suala la dari nitalipeleka kikaoni.