Wakuu, uwiano na reti si kitu kimoja? Naomba msaada wa haraka

Mkwamo: Wakuu habari za saa hizi. Kati ya uwiano na reti (wengine wanaita kiwango) tofauti iko wapi hasa, maana mimi naona zote ni namba unagawa kwa namba basi, na hapa nimekwama kichwa kinagonga. Msinitukane.

Kifutio: Hesabu ndo zilinikimbiza shule mkuu. Ticha wetu alikuwa akiingia tu tumbo linakata. Pole.

Chaki: Weka swali lenyewe.

Mkwamo: Gari limeenda km 180 kwa masaa 3. Kijana wangu kaandika 60:1, kapewa kosa.

Bi Rula: Watoto wa siku hizi simu tu. Mnyang'anye simu.

Chaki: Bi Rula tulia. Mkwamo sikia, ukilinganisha vitu vya aina moja huo ni uwiano na vipimo vinakatana. Kamba ya mita 2 na ya sentimita 50 sio 2:50, unageuza kwanza, 200 kwa 50, unapata 4:1, na hata ukizipima kwa inchi inabaki 4:1. Reti ni vitu viwili tofauti, hapo ni umbali na muda, kwa hiyo kipimo lazima kikae, kilomita 60 kwa saa. Igeuze iwe mita kwa dakika, inakuwa 1000, na gari mwendo ni uleule! Sasa 60:1 tupu nitajuaje ni ya nini?

Mkwamo: Lakini kuna vitabu vinasema reti nayo ni aina ya uwiano, kwa hiyo sijakosea sana.

Chaki: Ni kweli vipo, ila hata vitabu hivyo havifuti vipimo. Halafu SIJAkosea? Si alikuwa kijana?

Mkwamo: Sawa, mimi ndo nilimwambia aandike hivyo. Na nimeshaandika kwenye daftari "mwalimu sahihisha upya" kwa kalamu nyekundu nikasaini. Mzazi lazima umtetee mwanao jamani, ningekaa kimya?

Bi Rula: Marehemu baba yangu alishawahi kumfuata mwalimu mpaka darasani, aibu niliyoipata mpaka leo sijasahau.

Kifutio: Ngoja kwanza. Mzazi gani ana kalamu nyekundu? Uzi wa kutunga huu, wewe ndo ticha mwenyewe, umempa mtoto wa watu vema kwenye 60:1 sasa mzazi wake kaja juu.

Mkwamo: Kalamu niliikuta mezani.

Kifutio: Meza ya ofisi ya walimu 😂

Mkwamo: Chaki, hiyo 1000 umeipataje?

Chaki: 60,000 gawa kwa 60, mwalimu.