Kutabiri wanaostaafu: Excel, safu ya DAX au Power Query?

Takwimu_Pwani: Wenzangu, mkubwa wangu ataka chati ya watakaostaafu kila mwaka wa fedha hadi 2035. Ofisi ya umma hapa Mombasa, watu mia tatu na kitu. Umri ni 60, wenye ulemavu 65. Nina faili la Excel, na Power BI, programu ya Microsoft ya ripoti na chati, niliyoanza juzi juzi tu. Hesabu niiweke wapi? Nilikokotoa umri kwa fomula ya DATEDIFF na YEAR, mama mmoja wa masjala akatoka ana 60. Alipoiona: "Mwanangu, mbona wanifukuza kabla ya siku zangu?"

Bi_Hesabu: Mama ana haki. DATEDIFF ya DAX, lugha ya fomula za Power BI, haihesabu miaka iliyotimia, yahesabu Januari Mosi ngapi zimepita katikati. Aliyezaliwa 20 Desemba 1966, tarehe 5 Januari 2026 itampa 60 na bado ana 59. DATEDIF ya Excel, yenye F moja, ingesema 59. Majina pacha, tabia mbali mbali! Lakini umri wautakia nini? Wabadilika kila kukicha. Weka tarehe ya kustaafu: EDATE husogeza tarehe ya kuzaliwa mbele miezi 720, ya mwenye ulemavu 780. Excel inayo, DAX inayo.

Fundi_Changamwe: Watu mia tatu? EDATE na pivoti ya kujumlisha kwa mwaka, umemaliza kabla ya chai ya saa nne. Yakhe, kivuko cha feri cha Likoni hakivukwi kwa ndege.

Bi_Hesabu: Mara ya kwanza, sawa. Mwezi ujao yuaja mtu abandika orodha mpya juu ya ile, mistari yaongezeka, fomula zakomea mstari wa zamani. Yalinikuta, na nikayagundua mbele ya wakubwa.

Kisauni_BI: Mimi ni wa Power Query, chombo cha kuandaa data kabla haijaingia Power BI, kwa sababu moja. Ukiitengeneza tarehe hiyo kwa safu ya DAX kisha kalenda ukaiachia CALENDARAUTO, fomula inayojipimia kalenda kwa tarehe za data yako, kalenda haitafika 2035: hiyo haizitazami safu za kukokotoa. Chati itakatika na hutajua kwa nini. Kwa Power Query ni Date.AddYears tu, na tarehe yaingia kama data ya kawaida. Ila hapo CALENDARAUTO itaanzia miaka ya sitini kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo andika mwenyewe CALENDAR, Julai 1, 2026 hadi Juni 30, 2035. Mwaka wa fedha: mwezi ukiwa 7 au zaidi, ongeza mwaka mmoja.

Fundi_Changamwe: Hiyo ya kalenda sikuijua. Nimenyamaza.

Bi_Hesabu: Na juu ya chati andika "kustaafu kwa lazima". Kuna wanaoondoka mapema baada ya 50, na hao hakuna fomula itakayokutajia.

Takwimu_Pwani: Nimefuata Power Query, mama amerudi kazini. Sasa kioja: nimepanga kwa miezi, Januari imesimama peke yake kama mnara wa msikiti.

Bi_Hesabu: Wamezaliwa Januari Mosi wote?

Takwimu_Pwani: Karibu wote!

Bi_Hesabu: Basi kuna aliyejua mwaka tu, karani akajaza siku. Aliyezaliwa Agosti ukimwandika Januari wamtia mwaka wa fedha uliotangulia. Linganisha na vitambulisho kwenye mafaili ya karatasi.

Takwimu_Pwani: Funguo za kabati anazo yule mama wa masjala. Kesho naanza na shikamoo.