Amekitua kikombe cha chai JUU YA BARUA YANGU! Yule wa halmashauri yetu, mnamjua

Mwl_Chaki:
Wakuu leo sina salamu, mtanisamehe. Nimetoka pale ofisini sasa hivi, niko stendi, mikono bado inatetemeka.

Jina simtaji, ni afisa utumishi. Mtumishi yeyote wa wilaya hii anamjua. Yule anayejibu "mfumo uko chini" hata ukimuuliza choo kiko wapi.

Barua ya kupanda daraja la mshahara ninayo, kutoka E kwenda F, ina saini, ina muhuri. Mshahara uko E. Niliopanda nao wanakula F. Nimeandika barua ya malalamiko, nimeipitisha kwa Mkuu wa Shule, masijala wameigonga "imepokelewa". Nimeingia kwa adabu zote, nimempa kwa mikono miwili. Hajasoma hata mstari. Kaiweka mezani, KATUA KIKOMBE JUU YAKE. Chai ya maziwa! Inachuruzika! Kikombe chenyewe unaweza kunyweshea ng'ombe wa Bariadi na ndama wake akabakiziwa.

Halafu ananiambia, mbele ya foleni nzima: "Mwalimu, kwani mimi ndiye niliyekupandisha? Waliokupandisha ni TSC, nenda wakulipe."

Watu wakacheka. Watumishi wenzangu, wenye shida kama yangu, wakacheka.

Sasa nendeni TSC, hiyo Tume ya Utumishi wa Walimu, muwasikie. Wao kazi yao inaishia kwenye barua, kuingiza kwenye mfumo ni kazi ya mwajiri, na mwajiri ni Mkurugenzi. Kwa Mkurugenzi unarudishwa kwa huyu huyu wa kikombe. Wa kikombe anasema Utumishi Dodoma hawajapitisha. Ukipiga Dodoma unaambiwa suala lianzie kwa mwajiri wako. Uhamisho TAMISEMI, daraja TSC, idhini Utumishi, pesa Hazina, matusi halmashauri!

2016 madaraja yalisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, tukavumilia. Vikahakikiwa vyeti, 2017 ikatoka orodha ya watu 9,932 wa vyeti feki, mimi cheti changu safi, nikaendelea kuvumilia. Nimevumilia miaka yote hiyo ili mtu aje kunifanya kisosi?

Na ukutani nyuma yake kuna Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umewekewa fremu ya kioo. Kakaa chini yake anakunywa chai juu ya barua yangu. Nilipotaka kuichukua akaniambia "iache hapo". Alikuwa hajamaliza kunywa!!

Bwana_Ikama:
Namjua huyo hahahaaa. Mimi aliniambia sipo kwenye ikama, ile idadi ya watumishi waliopangwa. Nimesimama mbele yake, ananiangalia usoni, ananiambia sipo.

Tange_Imepotea:
Pole mwalimu. Ila tuambie, palikuwa na andazi au chai kavu?

Mwl_Chaki:
Mkuu usinitanie leo. Doa limezunguka jina langu lote, hata namba ya cheki haisomeki.

Tange_Imepotea:
Basi ameshakuhudumia, amekugongea muhuri 😂😂

Mtumba_Ghorofani:
Mnapenda kumwonea afisa utumishi. Yeye hana mamlaka ya kubonyeza akajiamulia. Anaingiza taarifa, Utumishi wanaidhinisha, na mabadiliko ya mshahara yana tarehe ya kufungwa kila mwezi. Ikipita, unasubiri mwezi mwingine. Someni Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002. Mkuu wa utumishi wote ni Katibu Mkuu Kiongozi, chini yake kuna wenye mamlaka ya ajira, kila mmoja na mipaka yake. Mwalimu ana na Tume yake tangu sheria ya 2015. Mambo yamepangwa, ninyi ndio hamsomi.

Mwl_Chaki:
Katibu Mkuu Kiongozi ndiye aliyemtuma atue kikombe? Sheria Na. 8 kifungu gani kinasema barua ya mtumishi ni kitambaa cha meza?

Nesi_Zamu_Usiku:
Mwalimu angalau wewe barua unayo. Mimi nimejiendeleza kwa pesa yangu, nimerudi na digrii, kubadilishiwa muundo, yaani cheo kilingane na digrii, naambiwa haikuwekwa kwenye bajeti, nisubiri mwaka ujao wa fedha. Huo mwaka ujao haufiki. Wodini nafanya kazi za ofisa muuguzi, mshahara wa mwaka niliokuja na begi la bati.

Bwana_Ikama:
Dada yangu, nyie wa afya mna posho za kuitwa kazini, msituchoshe.

Nesi_Zamu_Usiku:
Posho ipi? Ile tunayodai? Njoo uchukue deni langu ulifuatilie wewe.

Mstaafu_Mtarajiwa:
Vijana mnalilia kikombe cha chai. Mimi nilianza kazi nikiwa mfuko wa pensheni wa PSPF, najua nikistaafu nachukua nusu ya mafao kwa mkupuo. 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF, wakaja na asilimia 25. Zikapigwa kelele mpaka Rais akasimamisha, Desemba ile ile. 2022 wakarudi na 33. Juzi 2024 wakatupandishia 40, tukaambiwa tupige makofi. Nusu yangu iko wapi? Nilishachora ramani ya nyumba kwa hesabu ya nusu!

Tange_Imepotea:
Mzee toa chumba kimoja.

Mstaafu_Mtarajiwa:
Wewe mtoto una miaka mingapi kazini? Ngoja ufike 60.

Mwl_Chaki:
Jamani uzi ni wa kikombe. Kuna anayejua pa kumshtaki huyu mtu? Maana ofisini kwao dawati la malalamiko ni yeye mwenyewe!

Mwalimu_Ng'ambo_ya_Namanga:
Poleni majirani. Huku Kenya TSC yetu imo kwenye Katiba, Kifungu cha 237, ndiyo inaajiri na kupandisha vyeo. Hakuna kuzungushwa ofisi tano. Lakini usidhani ni raha. 2018 walituhamisha mbali na kwetu, mke yuko Siaya mimi niko Kwale, na TPAD, ile ya kupima utendaji wa mwalimu, lazima nijaze.

Bwana_Ikama:
TPAD nini? Sisi tuna PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji! Ilikuja kushika nafasi ya OPRAS ya zamani, tukaambiwa itarahisisha. Najaza kwa simu yangu, kwa bando langu, usiku wa manane ndio inafunguka. Mkuu wa shule hajanipangia majukumu, mwisho wa mwaka mfumo unasema sikufanya kazi.

Nesi_Zamu_Usiku:
Kweli kabisa. Mimi niliomba likizo kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ikaidhinishwa nimesharudi kazini.

Mtumba_Ghorofani:
Mifumo iko sawa, tatizo ni watumiaji.

Bwana_Ikama:
Huyu ndiye mwenye kikombe!! Mmemsikia anavyoongea?

Tange_Imepotea:
Mtumba hebu piga picha meza yako tuione.

Mtumba_Ghorofani:
Mimi sio huyo na chai sinywi. Nafunga mjadala.

Korosho_Msingi:
Habari zenu. Samahani kuingilia. Mimi mwalimu wa msingi niko Nanyumbu, natafuta wa kubadilishana naye kituo. Nahitaji Muheza, Korogwe au Tanga Jiji. Shule iko barabarani, nyumba ya mwalimu ipo, maji yapo.

Mstaafu_Mtarajiwa:
Umeme?

Korosho_Msingi:
Nguzo zimefika.

Nesi_Zamu_Usiku:
Mdogo wangu yuko Korogwe vijijini, msingi, mume wake yuko Masasi, jirani na huko kwako. Masomo gani unafundisha?

Korosho_Msingi:
Hisabati na Sayansi. Dada yangu njoo inboksi haraka, dirisha la uhamisho lisije likafungwa.